UZI: Tovuti yetu ina kila kitu, lakini wafugaji bado wanapiga simu kuuliza bei ya maziwa

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitunza tovuti ya chama kimoja cha ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku upande wa Njoro, na leo ningependa kuweka hapa jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa, kisha mnikosoe panapostahili.

Tovuti ile haikukosa kitu. Bei ya lita ilikuwamo, tarehe za malipo zilikuwamo, fomu za mikopo, ratiba ya chanjo na kumbukumbu za mikutano mikuu pia zilikuwamo. Hata hivyo simu ya ofisi ilianza kulia saa mbili asubuhi na haikunyamaza, na karibu kila aliyepiga aliuliza mambo mawili tu: mwezi huu lita ni shilingi ngapi, na pesa zitaingia lini. Nilikuwa nikijisemea moyoni kwamba watu wetu hawapendi kusoma. Siku moja karani wa mapokezi, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia, alinisukumia simu yake na kuniambia niitafute bei hiyo mimi mwenyewe. Nilifungua menyu, nikabonyeza "Idara", nikachagua "Fedha na Uhasibu", nikashuka hadi "Nyaraka", nikapakua faili ya PDF iliyoitwa "Waraka 7", na humo, kwenye ukurasa wa pili, ndimo bei ilimokuwa. Mimi niliyeipanga tovuti hiyo kwa mikono yangu nilipotea mara moja njiani, kwa kuwa chini ya "Utawala" nako kulikuwa na "Nyaraka" nyingine.

Ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeipanga tovuti kwa kufuata vyumba vya ofisi. Mhasibu ana mlango wake, katibu ana wake, daktari wa mifugo ana wake, nami nikaigeuza milango hiyo kuwa menyu. Mfugaji hajui, na wala hana haja ya kujua, kwamba bei hutangazwa na mhasibu ilhali tarehe ya malipo hutangazwa na katibu. Hebu fikirieni stejini hapa Nakuru mjini. Makanga haiti jina la Sacco wala la mwenye gari, anaita "Kisumu! Kisumu!" kwa sababu abiria amekuja akiwa na safari yake kichwani na anachosikiliza ni jina la mahali anakokwenda. Menyu yangu ilikuwa ikiita majina ya wenye magari.

Nilianza upya kwa zoezi la kadi, ambalo watu wa fani hii wamelitumia kwa miaka mingi na ambalo halihitaji hata kompyuta. Niliandika kila jambo lililomo kwenye tovuti juu ya kadi yake, zikafika kadi 43, nikaenda nazo kituo cha kupokelea maziwa asubuhi, wakati wafugaji wanaposubiri maziwa yao yapimwe. Tulipindua kreti mbili zikawa meza. Nilimwomba kila mmoja azipange kadi katika mafungu kwa jinsi anavyoona yeye kwamba zinafuatana, kisha alipatie kila fungu jina, nami nikajitahidi kufunga mdomo, jambo ambalo kwangu ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Mzee mmoja alishika kadi ya "Chakula cha ng'ombe" kwa muda, akaigeuza upande wa pili kana kwamba jibu lingekuwa nyuma, kisha akaiweka pamoja na "Bei ya lita" na "Tarehe ya malipo". Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Mzee, hicho si cha dukani?" Akanijibu, "Kijana wangu, dukani nachukua tu. Nalipia huku," huku akigonga kadi ya malipo kwa kidole. Gunia la chakula huchukuliwa kwa mkopo, na gharama yake hukatwa kwenye pesa za maziwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kwake yeye chakula cha ng'ombe ni makato. Baada yake wengine walifanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemwona mwenzake akipanga.

Majina nayo yalinifedhehesha. Nilikuwa nimeandika "Huduma za Uhimilishaji", neno sahihi kabisa la kitaalamu. Mama mmoja aliuliza kwa adabu kama huo ni mkopo wa kumsaidia mtu kuhimili kiangazi. Kadi hiyo sasa inasomeka "Kupandisha ng'ombe", na hakuna aliyeuliza tena.

Kwa wanaotaka kujua idadi ya watu wa kuwaita, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alipendekeza mwaka 2004 kwamba watu 15 wanatosha kwa zoezi la kadi, kwa sababu baada ya hapo mafungu huanza kujirudia. Kwangu mimi yalianza kujirudia mapema zaidi, ila sikujuta kuendelea.

Menyu mpya ina sehemu nne: "Maziwa na malipo", "Afya ya ng'ombe na kupandisha", "Duka na mikopo", na "Mikutano na uongozi". Bei ya lita na tarehe ya malipo zimeandikwa wazi juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, bila PDF. "Kuhusu chama", iliyokuwa ya kwanza kwenye menyu, imeshuka hadi mguuni mwa ukurasa, na hapo palikuwa na mvutano kidogo na viongozi ambao sitausimulia.

Maswali yangu ni mawili. Jambo lenye makao mawili, kama hicho chakula cha ng'ombe, huwekwa wapi? Na je, ni kweli kwamba menyu haipaswi kuzidi vipengee saba?

Mchangiaji wa 2 (Kisumu)

Mkuu, uzi huu umenikuta nikiwa katika shida inayofanana na yako. Ninasimamia tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kondele, na mabati peke yake yalikuwa yamenishinda. Nilifungua kategoria ya mabati ya geji 28, nyingine ya geji 30, nyingine ya geji 32. Kisha wateja wakataka rangi, nikafungua kategoria za rangi ndani ya kila geji. Kisha urefu, wa mita 2, mita 2.5 na mita 3. Mteja anayetaka bati jekundu la mita 3, na ambaye hajaamua kuhusu geji, alilazimika kuingia na kutoka katika milango mitatu ili alinganishe bei. Wengi hawakurudi kutoka mlango wa kwanza.

Naongeza kwamba wapo wateja wengi wasiojua kuwa namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba. Niliwapangia geji 32 mwisho kana kwamba ndiyo bora kuliko zote. Je, jambo kama hilo huelezwa kwenye kategoria yenyewe au hutengewa ukurasa wake?

Mchangiaji wa 3 (Kakamega, mkutubi)

Naomba niwajibu nyote wawili kwa pamoja, kwa kuwa maswali yenu ni ndugu, na sisi wa maktaba tumeyabeba kwa zaidi ya karne moja.

Melvil Dewey alitoa mfumo wake wa kupanga vitabu kwa namba mwaka 1876, na maktaba nyingi, zetu zikiwemo, bado zinautumia. Udhaifu wake ni kwamba kitabu ni kitu cha kushikika, hivyo hukaa mahali pamoja tu kwenye rafu. Historia ya Kenya iko 967.62, lakini kitabu cha kumwongoza msafiri nchini Kenya kiko 916.762, na cha lugha ya Kiswahili kiko 496.392. Mtu anayependa "mambo ya Kenya" atatembea maktaba nzima. Kwa ndugu wa Njoro, ng'ombe wako 636.2 na usindikaji wa maziwa uko 637, yaani angalau hapo Dewey aliwaweka majirani.

Mwaka 1933 S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alikuja na wazo tofauti. Badala ya kukitafutia kitu chumba kimoja, alikitazama kwa pande zake kadhaa, kila upande ukijitegemea, kisha namba ya kitabu ikaundwa kwa kuunganisha pande hizo. Mkuu wa Kisumu, dawa yako iko hapo. Bati ni kategoria moja. Geji, rangi na urefu ni pande za bati. Weka ukurasa mmoja wa mabati, na pembeni uweke vichujio vitatu ambavyo mteja anaweza kuvigusa kwa mpangilio wowote anaotaka, aanze na rangi au aanze na urefu. Maelezo kuhusu unene yakae palepale kando ya kichujio cha geji, kwa sentensi moja, kwa sababu hapo ndipo mteja anapoyahitaji.

Ama chakula cha ng'ombe, tovuti haina rafu, kwa hiyo usiogope. Ukurasa uwe mmoja, wenye anwani moja, ili bei ikibadilika uibadilishe mahali pamoja. Lakini milango ya kuingilia iwe miwili, mmoja kutoka "Duka na mikopo" na mwingine kutoka "Maziwa na malipo". Onyo langu ni moja tu: ukiona kila ukurasa unahitaji milango mitatu au minne, ujue mafungu yenyewe ndiyo mabovu.

Kuhusu saba: namba hiyo hutajwa sana kutokana na makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, iliyohusu mambo mangapi mtu anaweza kuyashika kwenye kumbukumbu ya muda mfupi. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeambiwa aikariri. Vipengee kumi vyenye majina yanayoeleweka ni afadhali kuliko vitano vya mafumbo. Hata ile kanuni kwamba kila kitu kifikiwe kwa mibofyo mitatu haina msingi imara. Mtu hubofya mara tano bila kulalamika iwapo kila hatua inamthibitishia kwamba anakaribia. Watafiti Peter Pirolli na Stuart Card wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, waliolichunguza jambo hili katika miaka ya 1990, walimfananisha msomaji na mnyama anayefuata harufu ya mawindo: harufu ikizidi ataendelea, ikikatika atageuka. Ndiyo maana "Nyaraka" ni jina baya. Halina harufu ya chochote.

Mchangiaji wa 4 (Bungoma)

Nimewasoma kwa makini na kwa heshima zote nauliza: haya yote ya nini, ilhali kisanduku cha kutafutia kipo? Mimi mwenyewe sifungui menyu kamwe. Naandika ninachotaka, napata, naondoka. Isitoshe, wageni wengi huingia kupitia Google moja kwa moja hadi ukurasa wa ndani, bila kupita ukurasa wa mwanzo mnaouhangaikia. Naona tunapamba sebule ilhali wageni wanaingilia jikoni.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ndugu wa Bungoma, hoja ya jikoni nimeikubali na nitaanza nayo. Ni kweli wengi huingilia katikati, na hiyo ndiyo sababu ya kila ukurasa kumweleza mgeni alipo: kichwa kinachosema ukurasa huu ni wa nini, na juu yake mstari mdogo wa njia, kwa mfano "Mwanzo > Maziwa na malipo > Tarehe za malipo", ambao kila neno lake linaweza kubonyezwa. Aliyeshukia katikati ya safari ataona kibao kinachomwambia yuko kijiji gani.

Kuhusu kisanduku cha kutafutia, sikubaliani nawe, na nina ushahidi wa nyumbani. Nilifungua orodha ya maneno ambayo wageni waliyaandika kwenye kisanduku chetu. Walikuwa wameandika "nitalipwa lini", "wanalipa", "kulipwa" na "pesa ya mwezi". Ukurasa wetu uliandikwa "Malipo". Programu nyingi za kutafutia zimeundwa kwa kuzingatia lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, kwa hiyo hukata mkia na kulinganisha kilichobaki. Kiswahili hubadilika mbele na nyuma: nilipwe, tutalipwa, hawajalipa, na mzizi umejificha katikati. Kisanduku chetu kilimjibu mfugaji "Hakuna matokeo", naye akaamini kwamba habari hiyo haimo. Vivyo hivyo waliandika "kiwele kimevimba" ilhali ukurasa uliitwa "Mastitisi". Mkuu, anayetafuta kwa kuandika sharti alijue neno lako. Anayepitia menyu anahitaji tu kulitambua akiliona.

Orodha hiyo, hata hivyo, ni hazina. Inanipa maneno ya wafugaji wenyewe, kwa tahajia zao na makosa yao, na sasa nimeyaingiza maneno hayo ndani ya maelezo ya kila ukurasa. Yeyote mwenye tovuti asiyesoma orodha ya utafutaji wake anaacha kusoma barua alizoandikiwa.

Mwalimu wa Kakamega, nakushukuru sana. Milango miwili nimeshaiweka.

Mchangiaji wa 5 (Siaya)

Naomba nizungumze kama mtumiaji. Mimi sioni. Natumia programu inayosoma skrini kwa sauti, na ninapofika kwenye tovuti mpya ninaiagiza programu hiyo inisomee vichwa tu, au viungo tu, ili nipate picha ya mahali nilipo, sawa na ninyi mnavyotupa jicho. Sasa sikilizeni ninachosikia katika tovuti nyingi: "Bofya hapa. Bofya hapa. Soma zaidi. Soma zaidi. Bofya hapa." Hapa wapi? Zaidi ya nini?

Miongozo ya WCAG, ya kuziwezesha tovuti kutumiwa na watu wenye ulemavu, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilitoa toleo lake la 2.0 mwaka 2008, inataka lengo la kila kiungo lieleweke, na katika kiwango chake cha pili inataka pia pawe na zaidi ya njia moja ya kuufikia ukurasa ndani ya tovuti. Kwa hiyo huo ubishi wa menyu dhidi ya kisanduku, kwetu sisi ulikwisha zamani: wekeni vyote viwili. Na vichwa viwe vichwa kweli katika msimbo wa ukurasa. Maandishi yaliyokuzwa na kukolezwa tu yananipita bila mimi kujua kwamba ni vichwa.

Halafu jambo dogo linaloniudhi. Tovuti zenye Kiswahili na Kiingereza mara nyingi zina kitufe cha kubadilisha lugha, nami nikikibonyeza nikiwa ndani kabisa narudishwa kwenye ukurasa wa mwanzo, nianze safari upya. Kitufe hicho kinapaswa kunipeleka kwenye ukurasa uleule kwa lugha nyingine.

Mchangiaji wa 2 (Kisumu)

Dada au kaka wa Siaya, nimeingia kwenye tovuti yangu sasa hivi na kuhesabu "Soma zaidi" kumi na moja kwenye ukurasa mmoja. Nimeona aibu. Vichujio vya mabati vinafanya kazi tangu jana, na mteja wa kwanza kuvitumia alianza na rangi, kama mwalimu alivyobashiri.

Mchangiaji wa 6 (Busia)

Nina tahadhari moja kabla watu hawajakimbilia kuhamisha kurasa. Nilipanga upya tovuti ya ofisi ninayofanyia kazi, ikapendeza, na wiki iliyofuata kila kiungo ambacho watu walikuwa wametumiana kwenye WhatsApp kilifungua ukurasa wa kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Fomu tuliyokuwa tumeichapisha na kuibandika ukutani ilikuwa na anwani ya zamani. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1989, alikwisha kutahadharisha mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na mimi nilijifunza hilo kwa njia ya kufokewa.

Ukilazimika kuhamisha ukurasa, weka maelekezo ya 301 kwenye seva, ambayo humchukua mgeni wa anwani ya zamani na kumfikisha kwenye mpya bila yeye kujua, na huiarifu injini ya utafutaji kwamba uhamisho ni wa kudumu. Tengeneza jedwali la anwani za zamani na mpya kabla ya kugusa chochote. Na katika anwani mpya usiweke jina la idara wala mwaka, kwa sababu idara hubadilishwa majina. Andika "/bei-ya-maziwa" na uiache hivyo.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Ndugu wa Busia, umeniokoa. Nilikuwa nimekwisha kuhamisha kurasa sita bila maelekezo yoyote, nami nilidhani kupungua kwa wageni kumetokana na mvua.

Kabla sijasahau, kadi hazitoshi peke yake. Baada ya kupata mafungu nilifanya jaribio la upande wa pili: niliandika menyu mpya kwenye karatasi, bila rangi wala picha, nikampa mtu shughuli ya kweli, kwa mfano "Ng'ombe wako ana kiwele kilichovimba, utaanzia wapi?", nikamtazama anapoweka kidole. Kwa majaribio ya namna hii Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Kidole kikienda kwingine, sibishani nacho. Na fungu la "Mengineyo" likionekana popote, nalivunja siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuna mtu aliyeondoka nyumbani kwenda kutafuta mengineyo.

Mchangiaji wa 4 (Bungoma)

Narudi nikiwa nimenyenyekea kiasi. Jana nilichukua tovuti ya shule ninayoitunza, nikampa jirani yangu simu na kumwomba atafute kiasi cha kulipa muhula ujao. Hakugusa kisanduku cha kutafutia. Alifungua "Huduma", akarudi. Akafungua "Wazazi", akakuta picha za mkutano, akarudi. Akafungua tena "Huduma", akiamini kwamba mara ya kwanza hakuangalia vizuri. Kisha akanirudishia simu na kusema atampigia mwalimu mkuu. Niliumia, kwa sababu habari hiyo ilikuwa chini ya "Utawala", palepale alipopotea mwenzetu wa chama cha maziwa.

"Huduma" nimeiondoa. Kiasi cha kulipa nitakipa kipengee chake kwenye menyu, ila nimekwama kwenye jina. Kamati inapendekeza "Ada za Masomo". Mnaonaje?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Mwulize jirani yako alikuwa akitafuta nini.

Mchangiaji wa 4 (Bungoma)

Nimemuuliza sasa hivi juu ya ua. Anasema karo.